Kabla ya Kutwanga Mwarobaini: Matatizo ya Bustani za Nyumbani Mwanza na Tiba Zake za Asili

Mwaka wa kwanza nilipopanda nyanya nyuma ya nyumba, Buhongwa, miche 22 ilinyauka mmoja baada ya mwingine ndani ya wiki mbili, na kila jioni niliinyunyizia maji ya mwarobaini kwa uaminifu wa mtu anayemeza dozi aliyoandikiwa na daktari. Haukupona hata mche mmoja, na wala haukuweza kupona, kwa sababu kilichokuwa kinaiua kilikuwa kwenye udongo na ndani ya shina, wakati dawa yangu ilikuwa inaishia juu ya majani. Tangu hapo nimeona kosa hilo hilo kwa majirani wengi: mtu anaona jani limebadilika rangi, anafikiria mdudu, anafikiria dawa, na kwa kuwa dawa ni ya asili anaona haina hasara hata ikikosea. Hasara yake ni wiki mbili zilizopotea, na katika bustani wiki mbili ni muda wa kutosha kwa ugonjwa kutoka kwenye mche mmoja kufika kwenye tuta zima.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili, yaani kile unachokiona unapotoka asubuhi na kopo la maji mkononi. Lakini kabla ya kusoma dalili yoyote, mfanye mche mmoja mgonjwa kuwa sadaka: ung'oe pamoja na mizizi yake, uisuuze kwenye ndoo, kisha utazame mizizi, shina lililokatwa na upande wa chini wa majani, kwa utaratibu huo. Chomeka pia kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kwa uzoefu wangu matatizo mengi ya bustani zetu za huku hayaanzi na wadudu, yanaanza na maji na udongo, na hayo hayaonekani kwa kutazama majani peke yake.

Mche unanyauka ilhali majani bado ni ya kijani

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu kuliko zote, na ndiyo yenye visababishi vingi vinavyofanana kwa nje. Anza na saa. Mche ukinyauka saa saba mchana na kusimama tena jioni, wakati udongo una unyevu, huo si ugonjwa bali ni joto. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo, Bugando na Bwiru zimejengwa katikati ya mawe, na tuta lililoegemea jiwe kubwa hupata joto mara mbili, kutoka juani na kutoka kwenye jiwe lenyewe, ambalo huendelea kutoa joto hata baada ya jua kutua. Isitoshe, udongo wa karibu na jiwe mara nyingi una kina cha shubiri moja tu kabla ya kukutana na mwamba. Tiba yake ni kivuli chepesi upande wa magharibi, matandazo mazito ya nyasi kavu, na kupanda mboga zenye mizizi mifupi kama mchicha mahali hapo, nyanya na bamia zikahamishiwa penye kina.

Mche usiposimama jioni, chimba. Udongo ukiwa mkavu chini ya sentimita tano ingawa juu umelowa, unamwagilia kidogo kidogo na mara nyingi, jambo ambalo luseni, udongo wetu wa kichanga wa milimani, haulisamehe. Kwa siku ya kiangazi, tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 linahitaji takribani ndoo moja ya lita 20, imwagwe taratibu kwenye mashina, na matandazo yawepo ili jua lisiinywe nusu yake. Udongo ukiwa umelowa chepechepe na mizizi ina rangi ya kahawia na harufu ya kuoza, tatizo ni kinyume chake: mizizi imekosa hewa. Hili huwapata zaidi waliojenga penye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kugeuka ulimbo wakati wa mvua, na halina dawa isipokuwa kuinua matuta sentimita 20 hadi 30 na kuyachimbia mfereji wa kutolea maji.

Udongo ukiwa sawa na mche bado umelala, kata shina karibu na ardhi na ulining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji, bila kuitikisa. Subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria, na hapa ndipo mtu anapaswa kuweka chini bomba la kunyunyizia. Hakuna mwarobaini, majivu, mkojo wa ng'ombe wala kitunguu saumu kitakachoutibu. Ng'oa mche pamoja na udongo uliouzunguka, utie kwenye mfuko na uutoe bustanini, usiutupe kwenye shimo la mboji, na usiache maji ya tuta hilo yatiririkie tuta la pili, kwani bakteria hao husafiri na maji, na udongo ulioganda kwenye jembe, na hata kwenye nyayo za kandambili. Safisha jembe kabla ya kuhamia sehemu nyingine. Mahali hapo usipande nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, hoho wala viazi mviringo kwa miaka 3 au zaidi. Panda mahindi, vitunguu au mboga za jamii ya kabichi kama chainizi na figiri. Mwenye eneo dogo lisilo na pa kuhamia ni afadhali apande nyanya kwenye viroba au ndoo zilizotobolewa chini, zenye udongo kutoka mahali ambapo jamii hiyo haijawahi kupandwa. Nyanya zangu za sasa ziko kwenye viroba, na sijapoteza mche kwa mnyauko tangu nilipoacha ubishi.

Glasi isipoonyesha nyuzi, pasua shina kwa urefu. Mistari ya kahawia chini ya ganda, pamoja na majani ya chini yaliyoanza kuwa ya njano, mara nyingi upande mmoja wa mche kwanza, ni alama ya mnyauko wa fangasi, unaoitwa fuzari. Nao hautibiki kwenye mche ulioupata, ila zipo aina za nyanya zinazoustahimili, na pakiti ya mbegu huandikwa herufi F kuonyesha hivyo.

Kinachobaki ni mizizi. Ikiwa ina vinundu kama shanga zilizotungwa ovyo, mche wako una minyoo fundo, ambayo hupenda udongo wa kichanga na kwa hiyo hupenda luseni. Usichanganye vinundu hivyo na vile vya maharage na kunde: vya maharage hubanduka kwa ukucha na ndani vina rangi ya waridi, na ni baraka kwa udongo, lakini vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba na haviwezi kutolewa bila kuuvunja. Dhidi ya minyoo, samadi iliyoiva vizuri husaidia sana kwa kuwa hulisha viumbe wengine wa udongoni wanaowashambulia. Kuotesha bangi mwitu (gugu lenye harufu kali, si bangi ya kuvutwa) au marejea (mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo) kwa msimu mzima kisha kuifukia kunapunguza idadi yao, na mwenye subira anaweza kulimwagilia tuta tupu, kulifunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, kuizika kingo zake na kuiacha wiki 4 hadi 6 katika jua la kati ya Juni na Septemba. Joto linalojikusanya humo huua minyoo ya tabaka la juu, mbegu za magugu na vimelea vingi vya fangasi.

Miche ya kitaluni imelala asubuhi

Tazama shina kwenye usawa wa udongo. Likiwa limesinyaa, limelowa na jembamba kama uzi, ni kinyausi, ugonjwa wa fangasi unaoletwa na kusia mbegu kwa msongamano, kumwagilia jioni na kutumia udongo mchafu. Hauna tiba kwa miche iliyokwisha kulala, lakini iliyosalia inaweza kuokolewa siku hiyo hiyo: punguza msongamano, acha tabaka la juu likauke, ondoa kivuli kizito, na tangu hapo mwagilia asubuhi tu. Kwa kitalu kijacho, mwaga maji yanayochemka kwenye udongo, uache upoe kwa siku mbili, ndipo usie mbegu kwa mistari.

Shina likiwa limekatwa kana kwamba kwa wembe, na juu yake kumelala kichwa cha mche kikiwa bado kizima, huyo ni sota. Yuko karibu. Fukua udongo kuzunguka mche kwa kina cha sentimita tatu hadi tano utamkuta amejikunja, wa kijivu, ameshiba. Mtoe, na miche iliyobaki ivalishe pete zilizokatwa kutoka kwenye chupa za maji za plastiki, zizame sentimita mbili ardhini na zibaki sentimita tano juu. Nilicheka nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza, lakini pete hizo zinafanya kazi kuliko majivu, ambayo huisha nguvu mara tu yanapolowa.

Majani yanageuka kuwa ya njano

Uliza ni majani yapi. Yakianza ya chini, yaliyozeeka, na jani zima likapauka sawasawa huku mche ukidumaa, mche una njaa ya naitrojeni. Luseni haina akiba ya naitrojeni, na mvua kubwa ya masika huisomba ile iliyokuwepo. Lakini huku kwetu ipo sababu nyingine ambayo watu hujitengenezea wenyewe. Maranda ya mbao na pumba za mpunga hupatikana kwa wingi, na mkulima wa nyumbani huyachanganya mabichi kwenye udongo akidhani ameweka mbolea. Viumbe wanaoyaozesha huhitaji naitrojeni, na kwa kuwa maranda hayana, huichukua kwenye udongo, na mboga hubaki na njaa kwa miezi. Maranda na pumba vitandazwe juu ya udongo, au viozeshwe kwanza pamoja na samadi.

Mboji nzuri ya Mwanza inaweza kutengenezwa kwa vitu vya hapa hapa: majani mabichi ya jikoni, pumba za mpunga, samadi ya ng'ombe au ya kuku, na mabaki ya samaki kidogo. Mabaki ya samaki ni utajiri wa naitrojeni na fosforasi, ila yawekwe katikati ya lundo na kufunikwa kwa pumba nene, vinginevyo utaamka na mbwa wa mtaa mzima, siafu, na wale korongo wakubwa wasioona aibu kushuka uani. Magugu maji nayo huoza haraka na kuwa mboji nzuri, lakini yana tabia ya kunyonya metali nzito kutoka kwenye maji, hivyo yasichukuliwe karibu na mahali maji machafu yanapoingia ziwani, kama vile mdomoni mwa Mto Mirongo. Yakaushwe juani palepale pwani kabla ya kubebwa, na kamwe yasitupwe kwenye mfereji au bwawa.

Samadi ya kuku inastahili onyo lake. Wafugaji ni wengi na samadi hiyo hupatikana kwa bei ndogo, lakini ikiwekwa mbichi huunguza: kingo za majani hukauka na kuwa za kahawia ndani ya siku chache, na miche midogo hufa. Ilundikwe na kulowanishwa kidogo, igeuzwe mara kwa mara kwa miezi 2 au 3, hadi iache kutoa joto na harufu kali ya kuwasha pua. Aliyekwisha kuiweka mbichi aitoe anavyoweza, kisha amwagilie maji mengi kwa siku mbili mfululizo.

Yakiwa majani machanga ya juu ndiyo ya njano, na mishipa yake imebaki ya kijani, basi madini ya chuma yapo udongoni lakini mche hauwezi kuyachukua kwa sababu udongo una alkali nyingi. Katika bustani za nyumbani nimekutana na sababu mbili: mabaki ya saruji na chokaa yaliyofukiwa kando ya ukuta baada ya ujenzi, na majivu ya jikoni yanayomwagwa mahali pamoja kila siku kwa imani kwamba majivu hayadhuru. Majivu ni mbolea nzuri ya potasiamu, lakini konzi moja kwa mita moja ya mraba kwa msimu inatosha.

Majani yanajikunja, yananata au yana mabaka ya rangi mbili

Geuza jani. Wadudu wadogo wa kijani au weusi waliorundikana kwenye machipukizi, pamoja na utomvu unaonata na sisimizi wanaopanda na kushuka, ni wadudu mafuta, ambao wengine huwaita vidukari. Sisimizi hawali mboga yako, wanafuata utomvu huo na kuwalinda wadudu mafuta dhidi ya adui zao. Kwa tuta dogo, mkondo wa maji kwa nguvu kwenye machipukizi asubuhi mbili mfululizo huwapunguza sana. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita 2 za maji, au sabuni ya mche iliyoparuzwa, unyunyizie upande wa chini wa majani jioni. Sabuni huua mdudu aliyeguswa tu, na ikikauka haina kazi tena, kwa hiyo rudia baada ya siku nne. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, na jaribu kwanza kwenye majani mawili, kisha subiri siku moja. Ukiwaona wale wadudu wa duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, au watoto wao weusi warefu wenye miba, ahirisha kunyunyizia, kwa maana hao ni walaji wa wadudu mafuta na wanafanya kazi hiyo bure.

Wakiruka kama vumbi jeupe unapotikisa mche, ni nzi weupe. Hao ni hatari zaidi kwa kile wanachokibeba kuliko kwa kile wanachokila, kwa sababu hueneza virusi vya ugonjwa ambao wakulima wa nyanya wanauita rasta: majani ya juu hubaki madogo, hujikunja kuelekea juu, kingo huwa za njano, na mche husimama kukua. Mche wenye rasta hauponi. Ung'oe mapema, kwa kuwa kila siku unayouacha ni siku ambayo nzi mwingine anachota virusi humo. Kinga ni kuoteshea miche chini ya neti yenye matundu madogo, mpya ya kununuliwa kwa mita wala si chandarua chakavu kilichowekwa dawa ya mbu, na kutundika vipande vya plastiki ya njano vilivyopakwa mafuta mazito, kwani nzi weupe huvutwa na rangi hiyo.

Vidoadoa vingi vya njano hafifu, jani linalopata rangi ya shaba na utando mwembamba kama wa buibui upande wa chini ni utitiri mwekundu. Huyu ni mdudu wa kiangazi na vumbi. Bustani za kando ya barabara za vumbi, kuanzia Juni hadi mvua za vuli, humpata kila mwaka. Osha majani upande wa chini kwa maji mara mbili kwa wiki, na ongeza sabuni ikibidi.

Mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu yaliyochanganyika kwenye jani la nyanya au pilipili, bila mdudu yeyote, ni batobato, ugonjwa wa virusi, na hapa lazima niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wazee. Maji ya tumbaku, ambayo ni dawa ya kienyeji inayosifiwa sana, yanaweza kubeba virusi vya aina hiyo kutoka kwenye jani la tumbaku hadi kwenye nyanya yako. Hata mikono ya mvuta sigara inaweza kuvieneza. Nikotini yenyewe ni sumu kali kwa binadamu pia. Sioni sababu ya kuitumia tumbaku kwenye jamii ya nyanya hata kidogo.

Nasema hivyo hivyo kuhusu utupa, mmea ambao majani yake hutumiwa kama dawa ya wadudu. Ni kweli unaua wadudu, lakini wavuvi wa zamani waliujua kwa kazi nyingine, yaani kulevya na kuua samaki mtoni, na sumu iliyomo ni ile ile. Mwenye bustani Luchelele, Igombe au mahali popote ambapo maji ya mvua yanatoka tutani na kuingia ziwani asiutumie. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa.

Mwarobaini na mahali pake

Sasa tumefika kwenye wadudu ambao mwarobaini unawaweza, nao ni wale wanaotafuna: viwavi wa chainizi na kabichi, panzi wachanga, mbawakavu wa bamia. Unapunguza pia nzi weupe na wadudu mafuta. Kiambata chake hakiui papo hapo bali humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba ili akue, kwa hiyo anayetazamia mizoga kesho asubuhi atadhani dawa imeshindwa.

Nguvu kubwa iko kwenye kokwa kuliko kwenye majani. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, kausha mbegu kivulini, na wakati wa kutumia menya na kutwanga nusu kilo ya kokwa kwa kila lita 10 za maji. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha sabuni ili dawa ishike majani, na inyunyizie jioni siku hiyo hiyo. Haichemshwi, kwa kuwa joto linaidhoofisha, na hainyunyiziwi mchana, kwa kuwa jua linaivunja. Asiye na mbegu atwange kilo 1 ya majani mabichi kwa lita 5. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, na baada ya mvua.

Jani lina michoro au tunda lina kitundu

Mstari mwembamba unaopinda pinda kama njia ya konokono ndani ya jani ni wa funza wa nzi chora majani, ambaye mara nyingi haleti hasara ya kustahili dawa. Chuma jani hilo na uendelee na kazi nyingine. Baka pana lenye uwazi ndani, linaloonekana kama ngozi mbili za jani zimetenganishwa, lenye vinyesi vyeusi, ni la kantangaze, nondo wa nyanya mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Akishaingia ndani ya jani au tunda, dawa ya juu juu humfikia kwa shida. Kwa hiyo kazi yote ni ya mapema: kagua mara mbili kwa wiki, chuma kila jani lenye baka, lifungie kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uliache juani kwa wiki. Usilitupe kwenye mboji. Usiku weka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa iliyo mita chache kutoka tutani. Nondo watafuata mwanga na kuzama. Mwarobaini uanze mara tu unapomwona nondo wa kwanza kwenye beseni. Maduka ya pembejeo huuza pia dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis, inayokubalika katika kilimo hai, na inawafaa viwavi wadogo wakati bado wanatembea nje.

Nyanya yenye kitako cheusi kilichodidimia na kikavu haina mdudu wala ugonjwa. Imekosa kalisi, yaani kalsiamu, wakati tunda lilipokuwa linakua, na kwa kawaida si kwa sababu kalisi haimo udongoni bali kwa sababu maji, ambayo ndiyo huibeba, yalikuja leo na kukosekana siku tatu. Maganda ya mayai yanayosifiwa kila mahali huoza polepole mno kuweza kuokoa msimu huu. Mwagilia kwa ratiba isiyobadilika, weka matandazo, punguza samadi ya kuku, na matunda yatakayofuata yatakuwa mazima.

Matango na maboga machanga yaliyopinda na kuoza, yenye funza ndani, yamechomwa na nzi wa matunda. Fungia matunda machanga kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, na okota kila lililoanguka. Maboga yanayotoa maua tu bila matunda huenda bado yako kwenye maua ya kiume, ambayo hutangulia. Saidia uchavushaji kwa kuchukua ua la kiume asubuhi na kuligusisha kwenye la kike, lile lenye kiboga kidogo chini yake. Na anayechuma ncha kwa ajili ya mboga ya majani ya maboga kila baada ya siku mbili asishangae kukosa maboga, atenge mashina ya majani na mashina ya matunda.

Mabaka ya ukungu

Wakati wa masika mabaka ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara, yakianzia majani ya chini ya nyanya, ni bakajani tangulia. Mabaka makubwa yaliyolowa, yenye utando mweupe chini ya jani asubuhi na mapema, ni bakajani chelewa, inayokwenda kwa kasi zaidi. Kwa yote mawili, acha sentimita 60 kati ya miche, isimamishe kwa vijiti, toa majani yanayogusa ardhi, na mwagilia shina wala si majani. Mche uliozidiwa na bakajani chelewa utolewe siku hiyo hiyo.

Unga mweupe juu ya majani ya maboga, matango na bamia ni ubwiri unga, nao una tiba ambayo watu hawaiamini mpaka waijaribu: sehemu 1 ya maziwa kwa sehemu 9 za maji, kunyunyiziwa mara moja kwa wiki asubuhi ya jua, kabla unga haujafunika jani zima.

Konokono waokotwe kwa tochi usiku. Chini ya ubao uliolowa uliolazwa tutani utawakuta asubuhi wamejikusanya wenyewe. Ama wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama moshi, kisha upepo ukawaleta na kuwabandika kwenye mchicha, hawali majani wala hawaenezi ugonjwa wa mboga. Suuza majani kabla ya kupika.